Mtufaha wa Mama

Mama alirudi Juba mwaka 2021 akiwa na mabegi matatu na miche miwili ya mitufaha. Aliinunua Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, alikokuwa mpishi wa shule kwa miaka sita. Kule ni milimani, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi watu huvaa sweta. Hapa New Site hatufiki hata mita 600. Sweta zetu bado zimo ndani ya mabegi yale yale.

Nilimwambia siku hiyo hiyo kwamba haitazaa. Mtufaha unahitaji kulala: majani yapukutike, baridi ya chini ya nyuzi 7 iupate kwa saa mia kadhaa, ndipo uamke na kutoa maua. Hata ile aina ya Anna, iliyozalishwa Israel kwa ajili ya sehemu za joto, hutaka baridi kidogo. Juba haina usiku wa namna hiyo.

"Umesoma vizuri, mwanangu," akasema. "Sasa chimba mashimo."

Nikachimba. Mche mmoja ulikufa kiangazi cha kwanza. Wa pili ulirefuka mpaka ukanipita, majani tele, ua hata moja hakuna.

Maji ndiyo yaliyotugombanisha. Sisi hununua maji ya lori, tunajaza pipa. Machi 2024 serikali ilifunga shule zote kwa sababu ya joto, ikisemwa litafika nyuzi 45. Wadogo zangu walikuwa wamejilaza sakafuni, pipa limebaki robo, nami nikamkuta Mama anaumwagilia mti. Nikamwambia neno ambalo mtoto hamwambii mama yake: kwamba anaupenda mti tasa kuliko sisi.

Hakujibu. Aliweka jagi chini akaingia ndani. Siku tatu hakuugusa ule mti. Nilidhani nimeshinda, ila siku ya tatu majani yakaanza kujikunja, na usiku nikatoka na maji tuliyofulia nikaumwagilia mimi. Sijui kama alinisikia. Mlango wake ulikuwa wazi.

Baadaye nilisoma kwamba wakulima wa Batu, kisiwani Java, huyapukutisha majani kwa mikono ili mti uamke bila baridi. Nilipomsomea Mama alicheka. Alikuwa ameyaona hayo Kabale, sikuwahi tu kumuuliza. Novemba tukayatoa yote, yeye matawi ya chini, mimi ya juu.

Yalitoka maua manne. Mama aliwaita majirani waje kuyaona. Yakaanguka bila kushika tunda, kwa kuwa mtufaha huzaa vizuri ukipata chavua ya aina nyingine, na mwenzake ulishakufa.

Mjomba anakuja kutoka Uganda mwezi ujao. Mama ameshamtumia pesa ya mche mmoja, wa aina tofauti. Shimo nimeshalichimba.