Draiva Ipo, Waifai Haipo

Jumanne, 11 Machi 2025

Laptopu za msaada zimefika shuleni, zote zimeshatumika ng'ambo. Tumeziwekea Debian 12. Picha safi, sauti ipo. Moja tu imegoma: haioni waifai yoyote, hata ya ofisi iliyo mlango wa pili. Kijana anayenisaidia kaandika lsmod, kaiona b43 kwenye orodha, kanigeukia: "Kaka, draiva ipo. Kadi ndiyo imekufa."

Nimemwambia asiizike mapema. lsmod husoma /proc/modules tu: hutaja moduli zilizopakiwa kwenye keneli, haisemi kama zimekishika kifaa. Tena draiva iliyojengwa ndani ya keneli yenyewe haitokei humo kabisa, na kifaa chake kinachapa kazi kama kawaida. Hizo zimeorodheshwa kwenye faili la modules.builtin, chini ya /lib/modules.

Jumatano, 12 Machi

Leo ni lspci -nnk. Kadi imejitaja: 14e4:4315. Nusu ya kwanza ni mtengenezaji, Broadcom. Nusu ya pili ni kadi yenyewe, BCM4312. (Intel wao ni 8086, namba ya chipu yao ya 1978. Majivuno hayo yananifurahisha.) Namba hii ndiyo ya kutafutia, maana laptopu za modeli moja huweza kutoka kiwandani na kadi tofauti.

Chini yake: Kernel driver in use: b43-pci-bridge. Kijana kacheka, "Si nilisema?" Mstari huo ni mzito kweli, ndio unaotaja draiva iliyokishika kifaa, ule wa Kernel modules hutaja tu zinazoweza kukiendesha. Ukiona wa pili bila wa kwanza, draiva iko kwenye diski imekaa bure. Lakini hapa kilichotajwa kinaiunganisha kadi na PCI tu. Redio ni kazi ya b43, na habari zake ziko kwenye dmesg.

sudo dmesg | grep b43, na jibu likaja bila kuzunguka: faili la b43/ucode15.fw halikupatikana. Draiva ipo, femwea haipo. Adhana ya magharibi ikatukuta hapo, tukaenda kufuturu.

Alhamisi, 13 Machi

Tangu Debian 12 ya Juni 2023, diski ya usakinishaji huja na femwea nyingi zisizo huria, baada ya wanachama kupiga kura 2022. Hii ya b43 haimo, leseni hairuhusu Debian kuisambaza. Kifurushi chake ni ganda tu, huenda kuipakua kwenye intaneti. Yaani upate intaneti ili upate waifai! Nimechomeka simu yangu kwa waya wa USB, bando likaliwa, femwea ikaingia. modprobe -r b43, kisha modprobe b43. Majina ya mitandao yakajaa.

Jumamosi, 15 Machi

Vifaa vya USB tumevikagua kwa lsusb -t; mbele ya Driver= pakiwa patupu, hakuna aliyekishika.

Kwenye daftari la maabara, kila mashine sasa ina namba ya kifaa, draiva iliyokishika, na dmesg ilichosema. Safu ya "draiva ipo / haipo" nimeifuta. Haina faida.