Barabara ya Pangani na Pikipiki ya Wakfu

Barabara itokayo Tanga mjini kwenda Pangani ina urefu wa kiasi cha kilomita 50, na sehemu kubwa yake huandamana na bahari bila kuionyesha. Msafiri huisikia harufu ya chumvi, huiona minazi, kisha huingia katika safu za mkonge zilizopangwa kama waumini nyuma ya imamu. Tulipita humo wawili juu ya pikipiki moja, katibu wa kamati ya msikiti na ustadhi wa madrasa yetu, na pikipiki hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya safari.

Ni Honda CG125, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976. Injini yake ni rahisi kufungua na kufunga, ndiyo maana viwanda vya China viliiga umbo lake katika pikipiki nyingi za bodaboda tunazoziona leo. Mzee mmoja, mzaliwa wa Pangani aliyehamia mtaani kwetu, aliiweka wakfu kabla ya kufariki dunia kwa sharti moja: imfikishe muosha maiti popote atakapoitwa.

Kwa miaka mingi ilitimiza sharti hilo, kisha ikaanza kuzimika njiani. Siku moja mama anayeosha maiti za wanawake alikwama nayo porini, na maiti ya binti wa watu ikasubiri tangu adhuhuri hadi jua likazama. Mazishi yalifanyika usiku kwa mwanga wa tochi. Tangu siku hiyo kamati iligawanyika. Baadhi ya wajumbe walitaka iuzwe, fedha ziongezwe, inunuliwe mpya. Wengine walisema wakfu hauuzwi maadamu bado unaweza kufanya kazi uliowekewa. Fundi mmoja alikwisha kubadili koili, mwingine plagi. Fedha zilikwenda na maradhi yakabaki. Mwisho tukaagizwa kwenda Pangani kuiarifu familia ya marehemu, si kwa kuomba idhini bali kwa adabu, tena twende na pikipiki yenyewe ili maradhi yake yaonekane kwa macho.

Tulipokaribia Tongoni ilikohoa, ikapungua nguvu, ikanyamaza. Tuliikokota hadi kwenye magofu na kuketi kivulini. Hapo pana kuta za msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, na katika nguzo hizo yameonekana hadi leo mashimo ya duara yaliyokuwa yameshika bakuli za kauri zilizoletwa kwa majahazi kutoka ng'ambo. Ni katika pwani hii ambako watu wa Vasco da Gama waliichoma moto merikebu yao iitwayo São Rafael mwaka 1499, kwani mabaharia waliosalia hai hawakutosha kuendesha merikebu tatu.

Ilipopita robo saa, Ustadhi alipiga kiki moja na injini ikawaka kama isiyokuwa na kasoro. Mimi nilifurahi, yeye hakufurahi. Katika ujana wake alifanya kazi gereji, na aliyasema haya kwa utulivu:

"Katibu, hapa ndipo mafundi walipopotea. Koili mbovu ikipata joto hupoteza cheche, ikipoa hurudi. Na tangi lililokosa hewa huacha kutoa petroli, likipumzika hewa hupenya kidogo kidogo nalo hutoa tena. Maradhi mawili, dalili moja. Ukingoja, yote mawili hupona, nawe hujui ulikuwa na lipi. Ikizimika tena, tusingoje hata dakika."

Ilizimika tena kabla ya Kigombe, katikati ya mkonge. Mara hii hatukukaa. Ustadhi aliifungua plagi, akaichomeka katika kofia ya waya wake, akaiegemeza kwenye chuma cha injini mbali na tundu ilimotoka na mbali na petroli. Tuliitia kivuli kwa kanzu, akapiga kiki. Cheche ya buluu iliruka, kali na ya kutosha. Koili basi haikuwa na hatia.

Akarudisha plagi, akalegeza skrubu ya chini ya kabureta. Yalitoka matone machache, kisha pakavu, ilhali tangi lilikuwa na mafuta hadi nusu na koki yake imefunguliwa. Hapo akaufungua mfuniko wa tangi. Tulisikia sauti ya kuvuta pumzi, fyuuu, na petroli ikaanza kutiririka chini ya kabureta mbele ya macho yetu. Akaikaza skrubu upesi.

Sababu yake kila mama wa nyumbani anaijua. Kopo la maziwa hutobolewa matundu mawili. Likitobolewa moja, maziwa hutoka kwa kusuasua, kisha hukatika. Petroli hushuka kwa uzito wake, na nafasi inayoiacha lazima ijazwe na hewa, nayo hupita katika tundu dogo sana lililomo ndani ya mfuniko. Tulipougeuza mfuniko tuliona kwamba fundi mmoja, kwa nia njema ya kuzuia maji ya mvua, aliweka kipande cha mpira wa baiskeli, duara zima lisilo na uwazi katikati. Vumbi la barabara lilimalizia kazi.

Tulikata uwazi katikati ya mpira kwa kisu. Tundu la mfuniko tulilizibua kwa mwiba wa ncha ya jani la mkonge, mmea ulioletwa Pangani mwaka 1893, na ambao siku hiyo ulitufaa kuliko spana. Tangu hapo hadi mtoni injini haikukohoa tena.

Ndugu msomaji ambaye riziki ya nyumba yako inategemea pikipiki kuukuu, utaratibu ule unafaa kuhifadhiwa. Injini hii inahitaji mafuta, hewa, cheche na mgandamizo ndani ya silinda. Ikigoma, anza na visivyogharimu kitu: koki, tangi, swichi, waya wa plagi. Itazame cheche, kisha utazame kama petroli inafika kwenye kabureta. Plagi iliyolowa petroli inasema mafuta yanafika kupita kiasi au cheche haipo. Plagi kavu baada ya kiki nyingi inasema mafuta hayafiki. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua ni kipi kilichoponya. Na kipimo kifanywe wakati kasoro ipo, si baada ya kutoweka.

Pangani ni mji wa nyumba za kale ukingoni mwa mto, mahali aliponyongwa Abushiri bin Salim mwezi Desemba 1889 baada ya kuwapinga Wajerumani. Upande wa pili uko Bweni, na siku hiyo pantoni ilikuwa ikivusha watu na mizigo. Mjane wa marehemu alitupokea barazani kwa kahawa. Tulimweleza mgawanyiko wa kamati na yaliyotokea njiani. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na yule mama muosha, hajambo?" Tulimjibu kuwa hajambo. Akasema: "Wanangu, pikipiki si yangu, wala si ya watoto wangu, wala si yenu. Nyinyi mmepewa kuitunza tu."

Kikao kilichofuata kilikuwa kifupi. Kamati ilifungua daftari la matengenezo, ambamo kila fundi huandika alichogusa na sababu ya kukigusa. Wiki ya tatu ulikuja ujumbe wa msiba kutoka upande wa Pongwe baada ya sala ya alfajiri. Mama muosha alipakiwa na sanda yake na mfuko wa kafuri, na kabla jua halijapanda alikuwa amekwisha kufika.