Majibu ya Katikati

Katika hadithi tunazoandika sisi chipukizi, majibu ya hospitali huwa ya namna mbili tu. Ama daktari anatabasamu, ama anavua miwani na mama mtu anaanguka sakafuni. Mimi mwenyewe nimewaua wahusika watatu kwa njia hiyo katika daftari langu la riwaya. Kumbe kuna majibu ya tatu, nami ndiyo niliyopewa.

Nina miaka 26. Naishi Nyarugusu, hii ya dhahabu mkoani Geita, si ile ya kambi ya wakimbizi kule Kasulu. Tangu nimalize kidato cha nne nawauzia wachimbaji chai na maandazi karibu na maduara. Nilipopapasa uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama punje ya harage, nilikwenda hospitali. Wakanichoma sindano nyembamba, wakavuta chembe za kupima. Baada ya wiki mbili karatasi ikasema: zipo seli zisizo za kawaida, lakini haiwezekani kusema ni saratani wala kusema si saratani.

We acha tu! Ndiyo ningeililia, hapana ningeishukuru. Hii labda ningeiweka wapi?

Daktari alinieleza bila haraka. Majibu ya sindano ile hupangwa katika madaraja matano: chembe zisizotosha, uvimbe usio na madhara, seli zenye mashaka, seli zinazoshukiwa sana, na saratani yenyewe. Mimi nimekaa katikati kabisa, la tatu. Akasema wasichana wengi wa umri wangu wenye uvimbe hukutwa hawana saratani, lakini wengi si wote. Kwa hiyo ama nirudie kipimo kwa sindano nene inayokata kinyama, ama nitolewe uvimbe wote upelekwe maabara. Uamuzi akaniachia.

Nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Mayu alisema kansa ikiguswa na chuma inaamka. Baba mdogo akamtaja mganga. Mchumba wangu, ambaye anashinda shimoni, aliniuliza kwa sauti ya chini kama nitaweza kunyonyesha. Shoga yangu naye: "Si wakate titi lote wasiwasi uishe?" Hakuna aliyenitakia mabaya. Ila niliona kila mmoja anaijibu hofu yake, hakuna anayeijibu ile karatasi.

Nikawatazama wateja wangu. Mchimbaji akitwanga jiwe, akaliosha kwenye karai na kuona rangi asiyojua kama ni dhahabu au ni mng'aro wa bure, hafanyi sherehe wala hafukii shimo. Anachukua jiwe jingine palepale, kubwa kuliko la kwanza. Tena hachelewi, maana mvua zikija duara linajaa maji.

Basi nimechagua sindano nene. Kisu kikitangulia, halafu ikaonekana ni saratani, huenda nikapasuliwa mara ya pili, kwa kuwa cha kwanza kilikata bila kujua kinakata nini. Sindano huacha kidonda kidogo, na madaktari hupanga kazi yao wakijua wanapambana na nini. Mayu nilimweleza kwamba kipimo hakiugeuzi uvimbe mzuri kuwa mbaya. Kinachowamaliza wanawake wengi nchini mwetu ni kufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshaenea. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza nauli ni kiasi gani.

Nauli na kipimo vitatoka kwenye akiba niliyoiweka nichapishe mswada wangu. Iliniuma, lakini mswada unaweza kukaa sandukuni mwaka mzima bila kuharibika. Nitakwenda Bugando, Mwanza. Siku hizi pale ipo hata tiba ya mionzi, wakati zamani wagonjwa wa Kanda ya Ziwa iliwabidi wasafiri hadi Ocean Road, Dar es Salaam. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hatusubiri tena kivuko.

Nimeandika pia nitakachofanya baada ya hapo, ili siku ya majibu woga usiniamulie. Yakiwa safi na daktari akaridhika, nitarudi kuangaliwa baada ya miezi sita. Yakiwa ya mashaka tena, uvimbe utolewe wote. Ikiwa saratani, naanza matibabu mara moja, na mchumba aseme mapema kama yupo au hayupo.

Dada unayesoma, ukipewa karatasi ya namna hii usiifungie kabatini eti kwa kuwa haikutaja kansa. Muulize daktari: hatua inayofuata ni ipi, na lini? Usiondoke bila tarehe.

Yangu ni Alhamisi. Mayu amesema tutakwenda wote.