Bwana Misitu wa Shume Katika Kinamasi cha Moseley

Nilipanda basi nambari 50 katikati ya mji wa Birmingham, likapita Balsall Heath na kupandisha hadi Moseley, ambako binti wa marehemu ami yangu amefanya maskani pamoja na aila yake, na ambako ami mwenyewe, baada ya kuutumia umri wake katika idara ya misitu ya Tanzania, alikuja kuumalizia uzee wake kwa wajukuu. Hitima ilikuwa imekwisha kusomwa; mimi nilikwenda kutoa mkono wa taazia na kupaona mahali alipopenda kutembea.

Asubuhi dada alinichukua kwa miguu, tukaifuata Wake Green Road hadi Moseley Bog, kinamasi chenye miti mikubwa pande zote, ambacho zamani kilikuwa bwawa la maji ya kinu cha Sarehole, na ambamo mtungaji J.R.R. Tolkien, aliyeishi jirani baina ya 1896 na 1900, alicheza utotoni. Njia ya mbao hupita juu ya tope, na kando yake makangaga yamesongamana. Hapa ami aliwaleta wajukuu alasiri, akiwataka waliguse kwanza gome la mti kabla ya kuuliza jina lake.

Lakini aliyemshika moyo hakuwa mtungaji yule mashuhuri, bali ni Joy Fifer, bibi wa mtaa huo, ambaye katika miaka ya 1980, palipokusudiwa kujengwa nyumba, aliwaongoza jirani zake kupashindania mahali hapa hata pakasalimika, na mwaka 1991 pakatangazwa kuwa hifadhi. Ubavuni, juu ya lililokuwa jaa la taka, umeota msitu unaoitwa kwa jina lake, Joy's Wood. “Huyo ndiye bibi misitu hasa,” ami alikuwa akisema, na katika kinywa chake hapakuwa na sifa kubwa kuliko hiyo.

Ami mwenyewe alisomea kazi Olmotonyi, karibu na Arusha, kisha akapelekwa Shume, juu ya Lushoto, ambako miti ya asili iitwayo mikulo hupakana na misindano ya kupandwa. Kila alipohamishwa alihama na mkewe na wanawe, akikataa katakata kuwaacha mjini. Kiangazi kilipokaza, alikesha kwenye njia za kuzuia moto, na kulipokucha alirejea kuwasindikiza watoto shuleni kabla hajajinyoosha kitandani. Dada alinionyesha daftari lake: kurasa za kushoto zimejaa habari za mvua, za miche iliyokufa viribani na za moshi ulioonekana mbali; za kulia, kwa hati ile ile na kalamu ile ile, zimejaa homa za watoto, ada za shule na siku ambayo kitinda mimba alianza kutambaa.

Alipenda kutusimulia habari za mwaka 1922, pale Richard St. Barbe Baker, bwana misitu Mwingereza, pamoja na chifu Josiah Njonjo, walipoanzisha chama cha Watu wa Miti katika nchi ya Wakikuyu, na vijana wakaahidi kupanda miche kumi kila mwaka na kuitunza miti popote ilipo. Ami alishikilia kuwa nusu ya kwanza ya ahadi hiyo ndiyo inayokumbukwa, kwa sababu kupanda kuna ngoma na hotuba, ilhali kutunza hakuna mtazamaji. Na mimi, nikilisoma daftari lile, niliyakinisha kwamba ubaba nao ni vivyo hivyo, kwani kuzaliwa kwa mtoto hupigiwa vigelegele, lakini miaka ya kumlea hupita bila ya shahidi.

Basi, ewe msomaji, ikiwa kwenu yupo mzee aliyelinda misitu, keti naye umwandike habari zake angali hai. Na ukipanda mti masika haya, urudi kiangazi kuutilia maji.