Mshale ulipanda, mke akanyamaza

Safari ndefu ya familia huonyesha mambo ambayo nyumbani hufichika. Nyumbani kila mtu ana chumba chake, kazi zake na saa zake za kurudi. Ndani ya gari watu hukaa bega kwa bega saa kumi na zaidi. Gari lenyewe likiwa la zamani, na likiharibika mahali pasipo na fundi, ndipo mke na mume hujua kama wamezoea kusikilizana au wamezoea tu kuishi pamoja.

Ndivyo ilivyokuwa kwa familia moja ya Kibaha iliyofunga safari kwenda Tukuyu kujengea kaburi la babu. Walikuwa watano: baba, mama, bibi mzaa baba, binti wa miaka 14 na mdogo wake wa miaka saba. Gari lilikuwa la marehemu mwenyewe, Peugeot 504, lile ambalo watu wa rika lake walizoea kuliita Pijo. Bibi ndiye aliyeomba waende nalo. Alisema mumewe alimtoa Tukuyu na gari hilo, na yeye anataka kurudi nalo walau mara moja kabla hajafa.

Ombi la mama mzazi si jambo la kukataa, na mwanawe hakukataa. Kwa miezi minane alikuwa akilitengeneza. Akalipiga rangi upya, akashona viti, akatafuta bampa inayong'aa. Mkewe alishauri mara moja tu kwamba wapande basi na gari libaki uani. Mara nyingine aliuliza kama fundi ameangalia injini. Jibu lilikuwa fupi: "Mama watoto, gari niachie mimi."

Baba huyu hakujibu hivyo kwa ukali. Alikuwa analiamini gari. Alijua kwa kichwa kwamba Wafaransa walianza kulitoa mwaka 1968, kwamba mwaka uliofuata lilichaguliwa Gari la Mwaka huko Ulaya, na kwamba lilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Alilosahau ni kwamba magari ya mbio hufuatwa na mafundi njia nzima, na hayakuwa yamekaa uani chini ya mwembe kwa miaka.

Waliondoka saa kumi alfajiri. Chalinze walipita vizuri. Walipofika Msamvu, Morogoro, wakakuta foleni, na mama aliyekaa kushoto kwa dereva akaona mshale wa joto umesogea juu.

"Baba watoto, mbona mshale umepanda?"

"Usinisumbue ninapoendesha."

Foleni ilipoisha na gari likapata upepo wa barabara, mshale ulirudi chini. Baba akautazama, kisha akamtazama mkewe, kana kwamba anasema umeona? Mama aligeukia dirishani. Wakapita Mikumi, watoto wakahesabu twiga na nyumbu, wakafika Ruaha Mbuyuni na kununua vitunguu kama wafanyavyo wasafiri wengi. Jua lilikuwa kali.

Baada ya hapo barabara huanza kupanda Kitonga. Aliyepita hapo anajua. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni bonde, kona zinafuatana, na malori yenye mizigo ya Zambia na Kongo hupanda kwa gia ya kwanza, polepole kuliko mtu anayetembea. Pijo lilikwama nyuma ya lori moja. Kulipita kulikuwa hatari, kwa hiyo likalifuata.

Mshale ukaanza kupanda. Mama aliuona tangu kona ya kwanza. Aliuona ya pili na ya tatu. Baba alikuwa amekaza macho kwenye mgongo wa lori. Binti yao aliyekuwa kiti cha nyuma naye aliuona, akamwangalia mama yake kupitia kioo, akaona mama amenyamaza, naye akanyamaza. Kwenye kona ya nne mvuke ulitoka kila upande wa boneti.

Kwa bahati njema palikuwa na upana kando ya barabara ambapo malori husimama kupoza injini. Baba alisogeza gari hapo, akazima, akashuka, akafungua boneti, akachukua kitambaa na kushika kifuniko cha rejeta. Mtoto wa miaka saba alikuwa ameshasogea karibu ya bampa kutazama.

"Usifungue!" Bibi alipiga kelele kutoka ndani ya gari. "Baba yako alizikwa na kovu la mkono kwa jambo hilo hilo!"

Baba aliachia. Kelele ile iliokoa uso wa mtoto. Maji ya rejeta yaliyochemka hukaa kwa mgandamizo. Kifuniko kikifunguliwa yangali ya moto, huruka juu kama chemchemi na kumuunguza aliye karibu. Dawa yake ni kusubiri, nusu saa au zaidi, mpaka rejeta ishikike kwa mkono.

Hiyo nusu saa ndiyo ilikuwa ngumu. Pembetatu za tahadhari zilikuwa chini ya magunia ya vitunguu kwenye buti, na binti ndiye aliyezikumbuka, akazitoa pamoja na baba yake. Waliweka jiwe nyuma ya tairi. Kisha yakaja maneno.

"Nilisema tupande basi."

"Na wewe umekaa hapo unaona mshale unapanda, husemi?"

"Uliniambia nisikusumbue."

Baba hakuwa na jibu. Watoto waliinamisha vichwa. Bibi alishusha kanga usoni kwa sababu ya jua, au kwa sababu hakutaka mwanawe amwone machozi. Alikuwa amewaza siku hii kwa miaka, na sasa ilikuwa imeishia kando ya barabara.

Mbele yao lilikuwa limeegeshwa lori, na dereva wake, mzee wa makamo ya bibi, alikuwa chini ya kivuli na utingo wake. Akaja taratibu.

"Shikamoo mzee," baba alimwamkia.

"Marahaba. Poleni sana. Limechemsha?"

Mzee hakugusa kitu. Aliuliza kwanza: "Nani alikuwa amekaa karibu na dereva?" Mama akajitokeza. "Haya mama, nieleze. Mshale ulianza kupanda wapi?"

Mama alieleza yote. Ulipanda Msamvu kwenye foleni. Ulishuka barabara ilipofunguka. Ulikaa chini Mikumi nzima. Ukapanda tena nyuma ya lori, kona baada ya kona. Mzee alitikisa kichwa kukubali. "Basi maji hayana neno. Gari likikimbia linapozwa na upepo. Likienda pole halina wa kulipoza. Feni haizunguki."

Akawaonyesha. Katika gari hilo feni haikufungwa moja kwa moja na injini. Ina sumaku ya umeme, na swichi iliyo kwenye rejeta huiamuru ishike maji yanapopata moto, halafu iachie yanapopoa. Umeme huo hupita kwenye waya mmoja mwembamba. Waya ulikuwa umesuguana na chuma mpaka ukakatika. Rangi ilikuwa mpya, viti vipya, bampa inang'aa, na waya ulikuwa wa zamani vile vile.

Mzee alisema aliwahi kuendesha gari la aina hiyo ujanani. Kwenye feni kuna skrubu tatu ndogo. Alizikaza mpaka feni ikabanana na puli, iwe inazunguka muda wote injini ikiwaka. Rejeta ilipopoa, utingo alileta dumu la maji, wakaongeza kidogo kidogo huku injini ikinguruma. Wakachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili haikuwa na rangi ya maziwa, dalili kwamba huenda gasketi ya silinda haikuungua. Wangechelewa kona mbili tatu zaidi, hedi ingepinda, na safari ingemalizikia juu ya lori.

Alikataa pesa, akachukua fungu la vitunguu. Alipokuwa akiondoka alimwambia baba maneno machache: "Kijana, anayekaa kushoto kwako ni geji yako ya pili. Hii ya kioo inaweza kufa. Ile usiiue mwenyewe."

Walipanda Kitonga iliyobaki wakiwa wamefungua heta ili itoe joto la injini, jasho likiwatiririka, na mama akitaja mshale ulipo kila kona. Hawakulazimisha kufika usiku. Walilala Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa mjini, na baba mwenyewe ndiye aliyepiga simu Tukuyu kusema wamechelewa na kwa nini.

Usiku huo wanandoa hawa walizungumza kuliko walivyozungumza mwaka mzima. Baba alitaja hesabu. Karibu pesa yote ilikwenda kwenye rangi na viti, kwa sababu alitaka ndugu wa Tukuyu waone gari la baba yao likiwa linang'aa. Aliogopa wangesema ameshindwa kulitunza. Mama naye alisema jambo lililomkaa siku nyingi. Hii haikuwa mara ya kwanza kunyamaza. Mwaka uliotangulia aliona dalili kwamba mradi wa kuku unakula ada ya shule, na hakusema, kwa kuwa alishaambiwa mambo ya mradi amwachie mwenzake. Kuku walikufa, ada ikakopwa.

Hapo ndipo penye somo. Mtu akijibiwa "niachie mimi" mara nyingi, hufika siku akaacha kweli. Huacha hata anapoona hatari, wala si kwa sababu anataka mabaya yatokee. Amechoka kuonekana msumbufu. Na anayenyamaza naye ana sehemu yake, kwa maana ndani ya gari lile hakuwa mume peke yake: walikuwemo watoto na mama mkwe. Na watoto huiga. Binti wa miaka 14 alikuwa ameshaanza kujifunza kwamba mwanamke akiona mshale unapanda, huangalia dirishani.

Tukuyu walifika kesho yake mchana, mvua ikinyesha, Pijo likiwa limejaa matope na rangi mpya haionekani. Hakuna ndugu aliyeuliza habari ya rangi. Bibi alishushwa mlangoni kwa gari la mumewe, na kaburi likajengwa.

Kabla ya kurudi, waya uliunganishwa, mipira ya maji ikakaguliwa, na mke na mume wakawekeana sharti moja: yeyote akisema "simama", gari linasimama kwanza, maswali baadaye. Sharti hilo lilijaribiwa mapema. Wakiteremka Kitonga, mama alisikia harufu ya kuungua, akasema simama. Baba alitafuta mahali pazuri akasimama. Walikagua kila kitu, wakakuta harufu ni ya breki za lori lililotangulia. Baba hakununa wala hakucheka. Alimshukuru mkewe, wakanywa chai ya chupa, wakaendelea na safari. Nyumba ambayo mtu anaweza kusema simama akakosea, na bado akashukuriwa, siku atakapokuwa sahihi atasema tena.