Choo kimetitia, fidia haijafika

ALAMA ya X kwenye ukuta wa nyumba ile ilipakwa kwa rangi nyekundu miaka minne iliyopita, wiki ambayo mtoto wa mwisho ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutambaa. Leo mtoto huyo anajua kusoma herufi moja tu, nayo ni hiyo.

Nyumba iko kwenye mojawapo ya vilima vya mawe wilayani Ilemela, Mwanza. Mama anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Baba ni fundi wa kupaua. Wathamini walipokuja walihesabu vyumba vitatu, miembe miwili, jiko la nje na choo, kisha wakampiga baba picha akiwa ameshika kibao chenye namba. Mradi unapita hapa, wakaambiwa, msiendeleze kitu chochote.

Hawakuendeleza. Wala hawakuupinga mradi. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, mama alifurahi kuliko wengi, maana mizigo inayotoka ng'ambo haisubiri tena kivuko.

Shida ilianza mvua za vuli. Kwenye mawe yale shimo la choo halichimbiki kwenda chini. La kwao lilikuwa futi tano tu, limejengewa kwa matofali. Usiku mmoja ukuta wa ndani ukaachia, sakafu ikatitia.

"Nikitia laki tano pale, mama watoto, nani atanirudishia?" baba aliuliza. "Kwenye fomu kimeshaandikwa choo kimoja. Hawataandika cha pili."

Hakuwa mbishi wala mchoyo. Alikuwa anapiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Kwa hiyo mchana watoto wakawa wanakwenda kwa jirani, usiku wanatumia ndoo, na asubuhi ndoo inamwagwa nyuma ya jiwe kubwa. Mvua ikinyesha, kila kitu kilichoko nyuma ya jiwe hushuka kwa walioko chini, na mwishowe ziwani.

Wiki ya tatu mdogo akaanza kuhara. Kufikia saa nane usiku macho yameingia ndani na akilia hatoi machozi. Zahanati walimnywesha maji ya ORS kijiko kwa kijiko hadi alfajiri, wakampa na vidonge vya zinki, wakamsisitizia mama avimalize siku zote alizoandikiwa hata mtoto akipata nafuu. Muuguzi akauliza, "Mama, choo chenu kikoje?"

Mama akainamia kanga yake.

Siku chache baadaye bwana afya akapita. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inataka nyumba iwe na choo, akaandika notisi: siku 14. Hapo ndipo kichekesho kilipo, kama kuna anayeweza kucheka. Karatasi moja inasema usijenge, nyingine inasema jenga, na zote zimepigwa mhuri.

Wakazi wengi waliowekewa X hawajui kwamba sheria haiwaachi wasubiri milele. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Si thamani ya nyumba pekee. Kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, na posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36. Ikipita miezi sita bila kulipwa, riba inaanza kuhesabiwa. Na kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, tathmini ikifikisha miaka miwili bila malipo inakuwa imekwisha nguvu, lazima ifanyike upya. Wakazi wa Shibula, jirani na uwanja wa ndege wa Mwanza, wamekaa miaka mingi kwenye mgogoro wa ardhi, na wangeweza kuwasimulia wenzao jinsi kusubiri kunavyozeesha.

Familia hii iliyasikia hayo kwa mwenyekiti wa mtaa, walipompelekea zile karatasi mbili. Mzee akazisoma mara mbili, akavua miwani. Aliwashauri waandike barua ya kuomba tathmini mpya, wabaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kuhusu choo alisema, "Mjengeeni mtoto. Hiyo si kuendeleza, hiyo ni kuishi." Barua imepelekwa. Majibu bado. Kiwanja walichokuwa wamekipigia hesabu Kisesa kimeshapanda bei mara mbili.

Choo kimejengwa, kuta za mabati ya zamani, nje kuna ndoo ya koki na kipande cha sabuni. Fundi alitaka kumwaga zege la sakafu palepale juu ya shimo. Mama akakataa. Alitaka slabu imwagwe pembeni, iwekwe vishikio viwili vya nondo.

"Vya nini, mama?"

"Siku tukiambiwa tuondoke, tutaibeba."

Baba alikwenda kutafuta nondo.