Kengele ya Shule na Meza ya Nyumbani



Mwishoni mwa kikao kimoja cha wachumba wanaojiandaa kwa ndoa, katika parokia yetu hapa Kisangani, kijana mmoja aliinua mkono akatuuliza swali ambalo hatukulitazamia. Alisema kwamba darasa la kwanza anamosoma mdogo wake lina watoto zaidi ya mia moja, kwamba watatu wanabanana kwenye benchi la wawili na wengine wanakaa chini, na kwamba mwalimu hawezi hata kuyashika majina yao. Kisha akasema: "Baba Katekista, Mungu akitujalia mtoto, je, si afadhali tumfundishe sisi wenyewe nyumbani?" Mchumba wake akajibu kabla yetu: "Na mimi nitakwenda sokoni saa ngapi?" Wote wakacheka. Sisi pia tulicheka, lakini swali lile lilitufuata mpaka nyumbani, kwa maana nyumba yetu ilikwisha kulijaribu mara moja, nalo lilituletea furaha moja na aibu mbili.

Kwanza tuseme yaliyo wazi. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, inasema mambo mawili ambayo wengi huyatenganisha: kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma, na kwamba wazazi wana haki ya kuchagua namna ya malezi watakayowapa watoto wao. Kanisa nalo lilikwisha kunena. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi la mwaka 1965, uliwafundisha waamini kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Na papo hapo ukaongeza kwamba jamaa peke yake haitoshi, inahitaji msaada wa jamii nzima. Basi anayewaambia kwamba mtoto ni mali ya shule, anakosea. Na anayewaambia kwamba mtoto ni mali ya baba na mama peke yao, naye anakosea.

Pili, msiilaumu elimu ya bure kwa sababu ya madarasa kujaa. Ninyi mlio vijana hamkuiona miaka tuliyoiona. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, tulipokuwa tukisomea ualimu, Serikali ilikuwa haiwalipi tena walimu ipasavyo, na migomo ilifuatana. Ili shule zisife, wazazi waliubeba mzigo wenyewe: kila mzazi akawa anatoa fedha za kumwongezea mwalimu, fedha tulizoziita "prime". Lilikuwa tendo la wokovu, nalo lilikusudiwa kuwa la muda. Muda ule ukawa karibu miaka 30. Katika miaka ile tulimwona mtoto akirudishwa nyumbani asubuhi, mkoba mgongoni, kwa sababu baba hakupata samaki wa kuuza wiki ile. Ilipofika Septemba 2019, na elimu ya bure ikaanza kutekelezwa katika shule za msingi za umma, zikiwamo zetu za Kikatoliki ambazo zinaongozwa kwa mkataba kati ya Kanisa na Serikali wa mwaka 1977, watoto wale walirudi. Darasa lililojaa ni uso wa watoto waliokuwa wamefungiwa nje. Kosa si kwamba wameingia. Kosa ni kwamba walifunguliwa mlango kabla ya kujengewa chumba, na kwamba mwalimu wao hakuongezewa mikono.

Sasa tuje kwenye habari ya nyumba yetu.

Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, shule zote za nchi zilifungwa. Radio Okapi ilitangaza masomo hewani, nasi tuliyasikiliza pale betri ziliporuhusu. Nyumbani tulikuwa na watoto wawili wa shule: kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka kumi, aliyekuwa darasa la nne; na mpwa wetu, binti wa marehemu dada yetu, mwenye umri wa miaka kumi na minne, aliyekuwa darasa la nane. Tulijiambia kwamba msiba huu usitupate tumelala. Baba ni mwalimu kwa mafunzo, mama anajua kusoma na kuandika, meza ipo. Tufundishe.

Siku ya tatu, mama alimpa yule mvulana kitabu chake cha Kifaransa asome. Akasoma vizuri, bila kukwama, kwa sauti ya kupendeza. Mama, ambaye hakusomea ualimu hata siku moja, akatazama macho ya mtoto, akaona hayasogei. Akakichukua kitabu, akakigeuza juu chini, akamrudishia. Mtoto akaendelea "kusoma" ukurasa uleule, kwa sauti ileile.

Ndugu vijana, hiyo ndiyo ilikuwa aibu yetu ya kwanza. Mtoto wa mwalimu, mwenye alama nzuri katika ripoti zake zote, alikuwa hajui kusoma. Kwa miaka minne alikuwa ameokoka kwa masikio: darasa kubwa husoma kwa pamoja, kwa kuimba, na mwenye kumbukumbu nzuri hujificha ndani ya sauti za wenzake kama samaki ndani ya maji machafu. Hatumlaumu mwalimu wake. Watoto walikuwa wengi mno mbele yake. Tunajilaumu sisi, tuliokuwa na mmoja tu mezani kila jioni na hatukumwuliza.

Tulianza upya. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inataka mtoto aanze kujifunza kwa lugha za kwetu, lakini mara nyingi haitekelezwi, naye mtoto hukutana na herufi na Kifaransa siku moja, asijue kipi ni kipi. Mama akafungua kitabu cha nyimbo za Kanisa. Maneno yale mtoto aliyajua kwa moyo; sasa akaonyeshwa kwamba sauti aliyoiimba tangu utoto inakaa mahali fulani katika ukurasa, silabi kwa silabi. Tulimfunika neno moja kwa kidole tukamwuliza: hapa pameandikwa nini? Tulimsomesha mstari kutoka mwisho kuja mwanzo, ili kumbukumbu isimsaidie. Mwezi wa Julai alisoma karatasi iliyofungia ndizi za kukaanga, mwenyewe, bila kuambiwa, akacheka peke yake barazani. Ile ndiyo furaha.

Hivyo shule zilipokaribia kufunguliwa kwa madarasa yote, mwezi wa Oktoba, mama alisema: "Huyu asirudi. Tumemfundisha kwa miezi sita kuliko wao kwa miaka minne." Tulikaribia kukubali. Sababu zilikuwa nzito, na tulijua kwamba hata Mtihani wa Serikali una watahiniwa waliojisomea wenyewe. Tulijua pia kwamba katika nchi nyingine jambo hili ni la kawaida: Marekani inaliruhusu katika majimbo yote 50, ingawa Ujerumani hailiruhusu. Kwa nini tusiweze?

Jioni ile tulikusanya madaftari ya watoto ili tuone kazi ya miezi yote. Ya mvulana yalikuwa manne, yamejaa. La mpwa wetu lilikuwa moja, nalo lilikuwa na kurasa kumi na moja zilizoandikwa.

Tulimwita, tukamwuliza kwa ukali kidogo kwa nini alikuwa mvivu. Alinyamaza kwanza, kama inavyompasa mtoto mbele ya wakubwa. Kisha akasema, akitazama chini: "Mjomba, samahani. Kila nilipokaa, niliitwa. Maji. Sombe ya kutwanga. Mtoto wa jirani wa kubeba. Unga wa kupeleka sokoni. Shuleni kengele ikilia, hakuna anayeweza kunituma."

Hiyo ndiyo aibu ya pili, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza. Kwa miezi sita tulijisifu kwamba nyumba yetu imekuwa shule. Ilikuwa shule ya mvulana, na muda wake wa kusoma ulinunuliwa kwa muda wa msichana. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mama alimpenda binti yule kama wa tumbo lake. Lakini nyumba ina mazoea yake, na mazoea hayo humwona msichana aliyekaa na kitabu kama mtu asiye na kazi. Jirani zetu wa Uganda walizifungua shule zao kikamilifu Januari 2022 tu, karibu miaka miwili tangu zifungwe, na wengi waliotoka hawakurudi tena darasani. Tuliposikia habari hiyo, hatukuhitaji kuelezwa sababu. Tulikuwa tumeiona katika daftari moja.

Tangu siku ile tumelifikiri swali la kijana wetu kwa namna nyingine. Nyumba ina kitu ambacho shule haina: jicho moja juu ya mtoto mmoja. Mnawajua Wagenia kwenye maporomoko ya mto wetu. Namna ya kusimamisha miti ile mikubwa katikati ya maji makali, na kuifunga kwa kamba za mwitu ili ishike mitego, haifundishwi darasani. Mtoto huijifunza kwa kusimama karibu na baba yake mwaka baada ya mwaka, mkono juu ya mkono. Kusoma pia, na kusali, na kusema kweli, huanza hivyo, na atakayewaachia walimu kazi hiyo yote atapata mtoto anayesoma kitabu kilichogeuzwa.

Lakini shule nayo ina kitu ambacho nyumba haina: kengele. Kengele haijui mtoto wa nani ni yatima, wa nani ni wa kufikia, yupi ni mvulana na yupi ni msichana. Ikilia, wote wanaingia. Na ndani, mtoto wa Mangobo anakaa karibu na mtoto wa Makiso, Mlokele karibu na Mtopoke, na wanajifunza kusubiri zamu. Sisi tuliokuwa katika mji huu mwezi wa Juni 2000, katika zile siku sita majeshi mawili ya kigeni yalipopigana juu ya vichwa vyetu, tunajua maana ya watu wasiojua kukaa benchi moja.

Mwinjili Luka anatusimulia kwamba Yesu, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, alionekana hekaluni ameketi kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza. Kisha akashuka na wazazi wake kwenda Nazareti, akaendelea kuwatii. Nazareti haikulifuta hekalu, wala hekalu halikuifuta Nazareti. Alikua akienda kati ya hayo mawili.

Mtauliza tulifanya nini. Wote wawili walirudi shuleni. Mvulana tulimwomba arudie darasa la nne, akalia siku mbili. Mpwa wetu pia alirudia darasa la nane, na mwaka ule hatuna uwezo wa kumrudishia. Tulimwomba msamaha mbele ya watoto wote, jambo ambalo baba zetu hawakutuzoeza. Kisha tulitafuta rimu ya gari lililokufa, tukaitundika chini ya mwembe wa uani. Kila jioni saa kumi na moja tunaipiga kwa chuma, na mpaka saa kumi na mbili hakuna mtoto anayetumwa popote, hata na baba mwenyewe. Sombe ikibaki bila kutwangwa, inabaki. Watoto wa jirani walianza kuja, wanne, kisha tisa. Aliyewafundisha silabi kwa kitabu cha nyimbo ni yule binti.

Kwa hiyo, kijana wetu, jibu letu ni hili: mpeleke mtoto wako shuleni, hata ikijaa, na uingie katika kamati ya wazazi ili isibaki imejaa. Lakini usimpeleke kama mtu anayetupa mzigo. Kila jioni mwulize maneno mawili ukurasani. Na kabla ya kujisifu kwamba nyumba yako inafundisha, hesabu kurasa za daftari la yule anayetwanga.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Nyumbani kwetu, nani anatumwa mara nyingi zaidi saa za kusoma? Tufanye nini wiki hii ili apate saa moja yake?

2. Je, yupo mtoto katika jumuiya yetu ambaye "anasoma" kwa masikio tu? Nani kati yetu anaweza kukaa naye nusu saa baada ya katekisimu?

3. Wazazi wetu wanaijua kamati ya wazazi ya shule yetu? Sisi vijana tunaweza kuwasaidiaje wasikike humo?